Kifuniko Ambacho Sikukigonga

Nyambura,

Uko saluni, na namjua Mama Shiru. Akishakukamata kichwa hakuachilii kabla jua halijashuka. Kwa hivyo nina kama saa nne. Nimezima redio, nimefunga mlango, na nimemwambia jirani naumwa na kichwa, asije akaingia kuomba chumvi akakaa mpaka jioni. Barua hii nitakupa mkononi kesho ukiondoka. Isome kabla hujafika Gilgil. Huko shambani mtakakofanyia mafunzo mmeambiwa simu zinachukuliwa langoni, na sijui kama karatasi nazo zinaruhusiwa.

Sitakuambia ule vizuri, uvae soksi, uombe kabla ya kulala. Hayo nimeyaimba miaka ishirini, na kama hayajaingia hayataingia leo. Nataka kukuambia kitu nilichokosea. Kwa mdomo nimejaribu nikashindwa. Najua nitaanza kulia, utaanza kunibembeleza, na mwishowe tutakunywa chai na hutakuwa umesikia lolote. Ukishajua utaniangalia tofauti, na naogopa hilo, haki ya Mungu. Lakini naogopa zaidi uende bila kujua.

Wiki tatu hizi umenichukulia kama mama aliyenuna. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwa simu, "Matha amevimba juu nilikataa ile job ya agrovet." Ai, Nyambura! Agrovet ni nini? Ukitaka kuuza dawa ya mbuzi utauza hata ukiwa na miaka hamsini. Nilinyamaza kwa sababu ya karatasi uliyoacha mezani siku uliyorudi kutoka kwenye majaribio ya uigizaji, ukirukaruka jikoni, ukiniambia wamechukua watu kumi na wawili tu na wewe ni mmoja wao.

Nilikukumbatia. Ukaingia kuoga. Mimi nikaichukua karatasi, birika bado liko mkononi, nikasoma ni mazoezi gani mtafanya kwa hiyo miezi mitatu. Kulala sakafuni na kupumua. Kutembea ukiongozwa na kiungo kimoja. Mnyama. Kuanguka. Kuvuma ukutani. Na la mwisho kabisa, peke yake kwenye mstari: Kuita. Chini yake maneno haya: "Sauti haitoki kooni. Hutoka pale mtu alipoumia." Nilijua ni nani aliyeyaandika kabla sijafika kwa jina lake. Nikaliweka birika chini, nikalisoma jina lile mara mbili.

Wewe unajua tu kwamba mama yako alikuwa akifanya drama zamani. Unadhani ni zile za kuzunguka shule za sekondari tukiigiza vitabu vya mtihani, mimi nimevaa kofia ya chifu na masharubu ya sufi. Hizo zilikuwepo, na ndizo zilitulisha. Lakini kila Jumanne na Alhamisi mchana kulikuwa na kazi nyingine, kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa pale Kaptembwo, na hiyo haikuwa ya mtihani wa mtu. Tulikuwa wanane. Mtu aliyetufundisha tulimwita Mwalimu, na mpaka leo siwezi kumwita vingine. Alikuwa amesomea mambo hayo ng'ambo, akarudi, akatukusanya. "Nyinyi mnaongea kutoka shingoni kwenda juu," alituambia siku ya kwanza. "Huko chini kote mmekufa."

Sitakudanganya, kazi ile ilikuwa tamu. Alitulaza sakafuni, kila mtu na paketi ya unga ya kilo mbili juu ya tumbo, na kazi ilikuwa kuuinua unga kwa pumzi tu, upande polepole, ushuke polepole. Siku ya kwanza tulicheka mpaka paketi moja ikapasuka, tukapika ugali. Wiki ya tatu nililala pale nikausikia mgongo wangu wote, mfupa kwa mfupa, na machozi yakatoka yenyewe yakaingia masikioni, wala sikuwa na huzuni yoyote. Unakumbuka mwezi ule baada ya kumzika baba yako, uliponikuta sebuleni nimelala chali na unga tumboni, ukaniuliza kama nimepatwa na jambo? Ndiyo hiyo. Ilinishikilia nisimwagike. Nakuambia ili ujue simwoni shetani kwa kila mstari wa karatasi yako.

Tulitembea tukiongozwa na goti, halafu kifua, halafu pua, mpaka kila mtu akagundua yeye hutembeaje. Kumbe mimi hutanguliza bega la kulia, kila mahali, hata nikienda kupokea meza ya Bwana, kama mtu anayepenya sokoni. Nilikulia nyumba yenye watu wengi na mlango mmoja, lakini sikuwa nimewahi kufikiria kwamba bado napenya. Mnyama wangu alikuwa punda. Wiki nzima nilimfuata punda mmoja wa kubeba maji pale mtaani, hadi mwenye punda akaanza kunishuku. "Madam, huyu unataka kumnunua ama kumwiba?" Nilijifunza punda anavyosimama akiwa amechoka lakini hajakubali. Na kuvuma je! Unaweka paji la uso kwenye ukuta wa mabati, unavuma, unatafuta sauti ambayo ukuta utaiitikia. Ukiipata, ukumbi wote unatetemeka na hujui tena kama ni wewe au ni mabati. Hilo nililipenda kuliko yote.

Sasa sikia. Ukifanya kazi hii macho yamefumbwa, kwa muda mrefu, unaingia mahali. Unasahau ulipoingilia. Mwalimu alijua, na mwanzoni alikuwa mwangalifu, kwa hivyo aliweka sheria moja. Kila zoezi, mtu mmoja hafanyi. Anakaa kwenye stuli kando ya mlango, macho wazi, ameshika mwiko na kifuniko cha ile sufuria kubwa ya kanisa. Mtu huyo tulimwita mlango. "Leo mlango ni nani?" Akiona mtu anaumia, au anaogopa ile ya kweli, anagonga mara tatu na kila kitu kinasimama. Haombi ruhusa. Hata Mwalimu akiwa katikati ya sentensi, ananyamaza. Tuliweza kuanguka kinyumenyume bila kuangalia kwa sababu tulijua kuna mtu mmoja anayeangalia.

Mara nyingi mlango nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuja na wewe. Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa safarini na lori la viazi, hakukuwa na wa kukuachia, kwa hivyo ulilala kwenye kona juu ya magunia ya mavazi, umefunikwa leso yangu. Wenzangu walisema mwenye mtoto mdogo ndiye anayeshtuka haraka. Nilijivunia jambo hilo.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Chebet. Alitoka Sachangwan, na alikuwa na sauti, woi, sauti! Akikuita kutoka ng'ambo ya barabara ulifikiri amekushika bega. Alishuka mjini mwaka mmoja baada ya lori la mafuta kuanguka kule kwao na kuwaka. Watu walikuwa wamekimbilia mafuta yaliyomwagika, wakiwa na mitungi na ndoo, na ndugu yake mdogo Kiprono alikuwa mmoja wao. Jioni ile Chebet alikuwa amemwita kutoka mlangoni aje kula, na Kiprono akajibu, "Nakuja." Hayo aliniambia mara moja tu, tukirudi nyumbani kwa miguu, akiangalia mbele. Sikumuuliza zaidi na hakuongeza.

Mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu.

Tulikuwa tunatengeneza mchezo juu ya barabara kuu, wa mashindano, na Mwalimu alikuwa halali usiku. Alisema vilio vyetu vyote ni vya uongo, ni vya redio. Siku moja nikabaki nyuma kufagia, nikamwambia, "Mwalimu, kuna mmoja wetu ambaye anajua." Nilifikiri nasaidia mchezo. Nilifikiri pia, na hili sijawahi kulisema kwa mtu, kwamba ataniona mimi ni wa maana kwa kumletea kitu. Aliitikia kwa kichwa tu, akanishukuru, akanisaidia kubeba takataka nje.

Alhamisi iliyofuata, saa nane mchana, jua kali, mabati yakilia kwa joto, alimsimamisha Chebet katikati ya ukumbi. Mlango ni mimi. "Leo utaita mtu mmoja," Mwalimu akamwambia. "Wewe unamjua. Utaita mpaka aitike." Chebet akafungua macho akaniangalia, mimi moja kwa moja. Alijua siri imetoka wapi. Kisha akayafumba.

Alianza chini. "Kiprono." Kama mtu anayeita mtoto aliye chumba cha pili. "Kiprono, kuja tukule." Na kila akinyamaza, Mwalimu alimwambia, "Hajasikia." Kwa upole! Shika hilo, Nyambura. Ukienda huko ukimngojea mtu mbaya anayefoka, hutamtambua. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Yuko mbali kidogo. Hajasikia. Mwite tena."

Sauti ikapanda. Sijui nikuelezeje. Ilitoka kwenye miguu yake. Wenzetu walikuwa wamejibanza ukutani, mmoja amefunika uso. Chebet akaanza kupapasa hewani mbele yake, kama mtu anayetafuta mlango kwenye moshi, na nikainua mwiko. Mwalimu, bila hata kugeuka, akainua kidole kimoja. Ngoja.

Nikangoja.

Miaka hii yote nimetafuta sababu ya kukupa siku ukiniuliza. Siwezi kusema nilimwogopa, sheria ilikuwa upande wangu. Siwezi kusema sikuona, kazi yangu ilikuwa kuona. Nilingoja kwa sababu ilikuwa nzuri. Haya, nimeandika. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote tulichowahi kufanya katika ukumbi ule, na nilitaka kusikia itafika wapi.

Hapo nikahisi sketi yangu inavutwa. Ulikuwa umeamka. "Mama, anti analia." Nikakuambia, nyamaza, anti anafanya kazi. "Hapana. Analia ya ukweli." Nikakuambia nyamaza tena, nikakusukuma nyuma ya stuli, nikaendelea kuangalia.

Kisha kitu kikakatika. Tulikisikia. Mdomo wake uliendelea kufunguka na kufungika, shingo imejaa mishipa, na hakuna kilichotoka isipokuwa hewa. Akaita hivyo, bila sauti, mara mbili au tatu. Na sisi tukapiga makofi. Ngai, tulipiga makofi! Tulidhani amefika kileleni. Mimi nilikiweka kifuniko sakafuni, taratibu kisilie, ili nipate mikono ya kupigia makofi.

Alitema damu kwenye leso yangu. Hospitali walisema nyuzi za sauti zimepasuka na kuvuja damu, akae kimya wiki kadhaa, itarudi. Haikurudi. Kilichorudi ni mnong'ono. Mwalimu alikwenda kumwona na matunda, akakaa naye kitandani, akamwambia kwamba amefika mahali ambapo waigizaji wengi hawafiki maishani. Nilikuwa hapo, nikiitikia kwa kichwa.

Na mchezo ukaendelea. Mwalimu aliniuliza kama ninaweza kuchukua nafasi ya Chebet, nikachukua. Nilimwita Kiprono mbele ya ukumbi uliojaa watu, nikiiga kilio cha rafiki yangu pale kilipopanda na pale kilipokatika, na watu walisimama wote. Kile kikombe unachowekea kalamu zako kilitoka hapo. Usiku ule ule nilikiweka kwenye kabati nikaacha kuigiza, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni kwa sababu ya mtoto. Nilikusingizia wewe. Hilo pia nisamehe.

Chebet unamfahamu. Umemfahamu maisha yako yote, ila kwa jina jingine. Ni Mama Kijiko. Yule wa mboga pale kona, anayegonga mkebe na kijiko kuita wateja. Unakumbuka siku ile ukiwa darasa la tatu, ulipomwigiza anavyonong'ona, nikakuchapa mpaka ukashangaa, kwa sababu mimi si mama wa kuchapa? Uliniuliza kwa nini anaongea hivyo, nikakuambia alizaliwa hivyo. Uongo. Nimenunua sukuma kwake karibu kila siku tangu hapo. Tunaongea juu ya mvua, juu ya bei ya nyanya, juu ya magoti yake. Ananiongezea dania kila mara. Sikuwahi kumwomba msamaha, hata siku moja, na kila siku niliondoka pale na dania yake kwenye mfuko.

Sasa nikuambie kilichoninyima usingizi kabisa. Nyuma ya karatasi ile kuna fomu, unatakiwa kuifikisha kesho. Najua si vizuri kusoma vitu vya mtu. Nilisoma. "Andika jina la mtu uliyempoteza. Andika maneno ya mwisho mliyoambiana." Na wewe, kwa mwandiko wako ule mzuri, umeandika: Baba. Nilimwambia aende tu, hata asiporudi ni sawa.

Nilijua mligombana asubuhi ile. Nilijua ni juu ya hayo hayo ya kuigiza, kwamba alikuita mvivu mbele ya jirani. Maneno yenyewe sikuyajua. Alikwenda na lori lake, na hapo Gilgil, kwenye ule mteremko, mambo yakawa yalivyokuwa. Miaka miwili umekaa na maneno hayo ndani ya nyumba hii nami nikakuona unakula, unacheka, unapaka kucha rangi. Yaani ulimwandikia mgeni kitu ambacho hukuweza kuniambia mimi. Sikulaumu. Mimi pia ndivyo nilivyo, si unaona ninakuandikia barua na tunalala chumba kimoja? Lakini mtoto wangu, shamba hilo mnalokwenda liko kilomita chache tu kutoka pale alipokufa. Watawasimamisha usiku au mchana, sijui, na siku moja mtu mpole atakuambia umwite Baba. Utamwita. Na kila ukinyamaza atakuambia hajasikia.

Usifikiri ninabahatisha. Jumatatu ukiwa mjini nilipiga namba iliyo kwenye karatasi yako. Mwalimu aliitambua sauti yangu kabla sijajitaja. "Ah," akasema, "mlango wangu." Bado ana sauti ile ile, ya kukufanya utake kumfurahisha. Nikamuuliza siku hizi mlango ni nani. Akacheka kidogo. "Hiyo tuliacha. Watu wakijua kuna wa kuwatoa, hawaingii." Akaendelea: "Binti yako ana kitu. Nilimsikia kwenye majaribio. Lakini amefunga mahali. Alimpoteza nani?"

Nilikata simu. Nilikaa nayo mkononi nikiwa na fahari ya kijinga, eti sikumjibu. Halafu nikakumbuka kwamba wewe umekwisha kumjibu kwa kalamu.

Utaniuliza mbona sikukukataza. Nilitaka. Nilifika hata kuficha kitambulisho chako, ukakitafuta siku nzima, kisha nikakirudisha ndani ya Biblia ukidhani umekiweka mwenyewe. Lakini nakujua. Ukifungiwa mlango utapitia dirishani, na huko utakwenda ukiwa umenikasirikia, bila kujua lolote, na mtu mwenye hasira na nyumbani ndiye anayefunguka haraka kwa mgeni. Halafu kuna hili: una kipaji kuliko mimi, na mengi ya yale mazoezi ni mazuri. Lala sakafuni. Vuma mpaka ukuta ukuitikie. Jua bega lako linakupeleka wapi. Sitaki kukunyang'anya hayo kwa sababu mimi nilikaa kwenye stuli nikashindwa kuinuka.

Jana nilikwenda kwa Chebet. Sikuwa na haja ya mboga. Nilimkuta akikata sukuma, nikakaa juu ya kreti. "Nyambura anaenda kwa Mwalimu," nikamwambia.

Kisu kikasimama. "Umemwambia?" Unajua anavyoongea, lazima uiname.

"Bado."

"Unangoja nini? Leo nani amekuinulia kidole?"

"Uliona?"

"Nilikuwa nimefungua macho tena, Wambui. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Basi nililia, pale pale, mbele ya watu wanaonunua nyanya. Nikamwomba msamaha, yote, la kumsemea kwa Mwalimu, la kidole, la makofi, la kikombe. Hakunigusa wala hakunifukuza. Alihudumia wateja wawili, akagonga mkebe wake, akamrudishia mmoja chenji. Halafu akainama karibu na sikio langu akaniambia kitu ambacho sikukijua miaka hii yote.

"Nyinyi mkipiga makofi, mtu alinishika mguu. Nikafikiri ni Kiprono, amekuja. Nikaangalia chini, ni Nyambura. Akaniambia, anti, twende nje. Ndiyo nikatoka."

Mimi nilidhani uko nyuma ya stuli. Nilidhani Chebet alitoka mwenyewe. Katika ukumbi ule tulikuwa watu wazima wanane na Mwalimu, na aliyeujua mlango alikuwa mtoto wa miaka minne aliyeambiwa anyamaze mara mbili.

Hilo ndilo ninalotaka uende nalo. Sikuambii usiite, usilie, usiingie. Nakuambia kwamba wewe unajua tofauti. Ulijua kabla hujajua kusoma, na mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Ukiwa huko mtu akalia ile ya ukweli, utamjua kabla ya wote, na watu wazima watakuwa wamesimama wanafurahia. Usiniige mimi. Nenda ukamshike mguu. Na kama anayelia ni wewe, huhitaji kumaliza. Hakuna zoezi ambalo ni lazima limalizike. Ile fomu, ichane ukitaka, au andika jina la punda wangu. Baba yako alisikia ulichosema asubuhi ile, na alisikia pia kwamba ni hasira, kwa sababu akiwa njiani alinipigia akaniambia, "Huyo msichana wako ana mdomo kama wako," akacheka. Ningekuambia zamani kama ningejua umebeba hayo. Huhitaji kumwita kutoka popote.

Nasikia sauti yako kule nje, unamsalimia jirani, na nafikiri anakuambia ninaumwa na kichwa. Naandika haraka.

Chebet aliniuliza kama Jumapili wageni wanaruhusiwa huko. Nikamwambia hapana, karatasi imesema hapana, kwa miezi yote mitatu. "Basi tutasimama nje," akasema, na akarudi kukata sukuma yake. Kwa hivyo Jumapili hii, saa nane mchana, tutakuwa nje ya lango la shamba, yeye na mkebe wake na mimi na kifuniko. Kile kile. Nilikiomba kanisani leo asubuhi, kiko chini ya kitanda na mwiko wake. Tutagonga mara tatu. Kama uko salama na unataka kubaki, gonga chochote mara tatu utujibu, hata sahani, hata ukuta, nasi tutarudi nyumbani bila neno. Jumapili inayofuata tutakuja tena.

Tusiposikia jibu, tutaingia. Mwalimu atainua kidole, namjua. Nami nitaendelea kugonga.

Mama yako,
Wambui